UZI: Samaki wadogo wa makundi (neoni, kadinali, rasbora) kwenye joto na maji ya chokaa ya Mtwara na Lindi

#1 MkunguMkavu – Mikindani

Habari wakuu. Swali la "neoni wangu wanaondoka mmoja mmoja, nitie dawa gani" linarudi kila mwezi, na kila mwezi watu wanatajiana dawa. Kwa huku kwetu anza kukagua bomba na paa kabla ya kwenda dukani. Maji ya visima vya pwani yamepita kwenye chokaa ya matumbawe, kwa hiyo ni magumu. Na kuanzia Novemba mpaka Machi, tangi lililo ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari linapita nyuzi 30 mchana kweupe. Neoni (Paracheirodon innesi) asili yake ni vijito vya Amazon ya juu, kwenye kivuli na maji laini, na anakaa vizuri kati ya nyuzi 21 na 26. Samaki huyo hapa kwetu mwezi Januari amekosewa mara mbili kabla hujamlisha hata punje.

Pima kwanza, nunua baadaye. Unahitaji kipimajoto, vipimo vya matone vya pH (uchachu wa maji), GH (ugumu wa maji) na KH (kinga inayozuia pH kuanguka), na kalamu ya TDS (jumla ya vilivyoyeyuka kwenye maji). Kalamu peke yake inadanganya: kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kusoma TDS 800 huku GH ikiwa ndogo. Hiyo ni chumvi ya bahari imepenya, wala si chokaa. Ndiyo maana unahitaji vyote viwili.

Ukishapata namba, chagua samaki wanaozifuata. GH ikiwa 12 na kuendelea na pH 7.8 au 8, nunua tetra wa eksirei (Pristella maxillaris). Huyu anavumilia maji magumu na hata chumvi kidogo, na kundi lake la kumi na tano likipita mbele ya mimea mtu anasimama kutazama. Danio wa mistari naye anavumilia ugumu ila hapendi joto la kudumu juu ya 27. GH chini ya 8 na pH chini ya 7.2, hapo ndipo pa kadinali, ramino, emba tetra, na rasbora mwenye pembetatu nyeusi ubavuni (Trigonostigma heteromorpha). Kadinali na emba wanaliweza joto la 28 bila tabu. Neoni mwachie mtu wa Newala kule juu ambako usiku kuna baridi. Tanichthys wa China, anayeuzwa kama "neoni wa bei nafuu", ni samaki wa nyuzi 18 hadi 22. Usimlete pwani kabisa.

Idadi: sita ndiyo mwisho wa chini, kumi na mbili hadi ishirini ndiyo kundi. Wakiwa watatu au wanne hawapangiki. Mmoja anageuka mbabe, wengine wanajificha nyuma ya chujio hawali. Bora aina moja ya samaki kumi na tano kuliko aina tano za watatu watatu. Najua dukani macho yanataka vyote.

Tangi: urefu ni muhimu kuliko kina, maana hawa wanaogelea kwa mlalo. Sentimita 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112 kwenye karatasi, na ukiweka mchanga na kuacha nafasi juu unabaki na kama 90. Hapo kundi moja la kumi na tano linakaa raha, na chini unaongeza korido sita (samaki wadogo wa sakafuni) aina ya sterbai anayestahimili joto. Vibakuli vya mviringo vya mezani tusivizungumzie.

Mchanga: wa mtoni, ule wa ujenzi uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya kombe na unapandisha ugumu kila siku. Chukua kijiko cha mchanga mkavu, mimina siki. Ukitoa mapovu, rudisha ulikoutoa. Mawe ya matumbawe hali kadhalika, hata kama yanapendeza.

Ulizeni, tuendelee.

#2 Chumvi_Kidogo – Lindi mjini

Mkuu, kadinali na neoni si samaki yule yule? Muuzaji ananiambia kadinali ni neoni aliyekomaa.

#3 MkunguMkavu – Mikindani

Amekudanganya au naye kadanganywa. Tazama mstari mwekundu: kwa neoni unaanzia katikati ya tumbo kwenda mkiani, kwa kadinali unatoka kichwani mpaka mkiani. Ni spishi mbili. Neoni alipewa jina la kitaalamu mwaka 1936, kadinali 1956. Kadinali ni wa Rio Negro na Orinoco, mahali pa joto zaidi. Neoni wa dukani karibu wote wamezalishwa mashambani, ila kadinali wengi bado wanavuliwa porini pande za Barcelos, Brazil, kwa hiyo wanafika wamekonda na wanahitaji wiki mbili za kulishwa kwa utulivu.

#4 FundiKioo – Mtwara

Kwa wanaotengenezewa tangi mtaani: kwa hilo la 80 kwa 35 kwa 40 tumia kioo cha milimita 8 na ufunge mikanda ya kioo juu, mmoja mbele na mmoja nyuma, upana sentimita 5. Wengine watakuuzia cha milimita 5 kwa kuwa ndicho kilichobaki kwenye kazi ya madirisha. Kinapinda katikati, gundi inaachia miezi michache baadaye, usiku.

Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, na kwenye tyubu pasiandikwe kwamba inazuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu ya ukungu, na samaki hawaiwezi. Kabla ya kuunganisha, futa kingo za kioo kwa spiriti, usiziguse tena kwa vidole. Acha siku 7 ndipo ujaze maji. Kwenye unyevu wetu inakauka juu haraka, ndani bado. Jaribu nje ya nyumba kwa saa 24.

Uzito: maji, mchanga na kioo vikikaa pamoja unakaribia kilo 150. Meza ya plastiki haifai. Chini ya tangi weka godoro jembamba la sponji au povu la milimita 10, maana punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kuanzisha ufa.

#5 Juu_ya_Mlima – Newala

Mnaongea ugumu wa maji kama hakuna mvua. Huku uwanda wa Makonde watu wamekunywa maji ya paa miaka yote, na maji ya paa ndiyo maji laini yenyewe, GH sifuri. Mtu wa Mtwara mjini mwenye simtanki la lita 1,000 akikinga msimu mmoja ana akiba ya kiangazi chote kwa tangi la ukubwa huo.

Ila paa la huku kusini lina mambo yake. Kuanzia Mei hivi mpaka Septemba mikorosho inapuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lile linatua kila mahali. Mvua ya kwanza ya msimu inashusha salfa, mavi ya ndege na vumbi vyote pamoja. Mvua mbili tatu za mwanzo ziache ziende shambani. Hata baadaye, dakika kumi za kwanza za kila mvua usizikinge. Bati jipya linatoa zinki kwenye maji laini, na zinki kidogo tu inaua samaki wadogo. Subiri bati lioshwe na msimu mzima, au kinga kwenye bati lililopakwa rangi. Na maji yaliyokaa kwenye kisima cha saruji si laini tena, saruji inayapandisha pH. Tumia pipa la plastiki.

Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi. Gawanya GH unayoitaka kwa GH ya bomba. Bomba likiwa 15 na wewe unataka 6, sita gawanya kwa kumi na tano ni asilimia 40. Ndoo ya lita 20 inakuwa lita 8 za bomba na lita 12 za mvua. Pima baada ya kuchanganya, usiamini hesabu peke yake.

#6 MwalimuWaKemia – Masasi

Naunga mkono, kwa sharti moja: usitumie mvua tupu. Watu wanasikia "maji laini" wanajaza tangi zima kwa maji ya paa. KH ikiwa sifuri hakuna kinachozuia pH kuanguka. Bakteria wa chujio wanapobadilisha amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula kilichooza) wanatoa asidi, asidi inakula KH kidogo iliyopo, na siku moja pH iko 5 na bakteria wenyewe wamelala. Acha KH ibaki angalau 2, tatu ni salama zaidi. Yale maji ya bomba kwenye mchanganyiko wa Juu_ya_Mlima ndiyo yanaileta. Na tafadhali, magadi soda ya kutengenezea sabuni yasiingie kwenye tangi kwa kisingizio cha kupandisha KH.

Sasa amonia, maana hapa ndipo joto na pH vinapokutana. Kipimo cha dukani kinakupa jumla ya amonia, lakini sehemu yenye sumu inategemea pH na joto. Kwenye nyuzi 30 na pH 7, sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye nyuzi hizo hizo na pH 8, ni kama asilimia 7 na nusu. Yaani usomaji ule ule wa miligramu 1 kwa lita haumsumbui sana samaki wa Newala mwenye pH 7, na unaunguza mashavu ya samaki wa Shangani ya Mtwara mwenye pH 8. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa mkoa mwingine haukukusaidia.

Halafu hewa. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni hubeba kama miligramu 8.3 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini samaki kwenye joto anapumua haraka zaidi, chakula kilichooza kinakula oksijeni zaidi, na yote hutokea pamoja alfajiri, kwa sababu usiku mimea nayo inavuta. Mkiona samaki wako juu ya maji wanapiga midomo saa 11 alfajiri na saa 4 asubuhi wako sawa, ni hiyo.

#7 Bi_Ndoo – Nachingwea

Mwalimu, tangi jipya tunaliandaaje? Mimi nilidhani ukijaza maji ukayaacha siku mbili klorini ikatoka, imeisha.

#8 MwalimuWaKemia – Masasi

Dada, hiyo inaondoa klorini tu. Tangi bado halina bakteria, na bila hao amonia haina wa kuigeuza kuwa naitraiti, wala naitraiti kuwa naitreti. Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6. Kwenye joto letu mara nyingine wiki 3.

Ukipata amonia kloridi safi, weka gramu 0.6 kwa kila lita 100. Hiyo inakupa kama miligramu 2 kwa lita. Washa chujio, pima kila baada ya siku mbili. Amonia ikishuka, naitraiti itapanda. Naitraiti ikishuka, ongeza tena gramu 0.6. Siku ambayo kipimo hicho kinaisha chote, amonia sifuri na naitraiti sifuri, ndani ya saa 24, tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji ndipo samaki waingie. Ukikosa amonia kloridi, funga kamba mbichi mmoja kwenye kitambaa chepesi, mwache aoze humo. Kunanuka, lakini kazi inafanyika. Njia ya haraka kuliko zote ni kuomba sponji chafu kutoka tangi la mtu ambaye samaki wake ni wazima, ukalibeba likiwa limeloa.

Klorini kwa wenye haraka: thayosalfeti ya sodiamu, miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Yeyusha gramu 10 kwenye lita 1 ya maji safi, weka chupa gizani. Ndoo ya lita 20 yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita inahitaji mililita 14 za maji hayo.

#9 Chumvi_Kidogo – Lindi mjini

Na joto lenyewe? Barafu kwenye chupa inafaa?

#10 MkunguMkavu – Mikindani

Chupa ya barafu inashusha nyuzi 3 kwa saa moja halafu zinarudi. Kupanda na kushuka huko kunachosha samaki kuliko 30 iliyotulia. Iwekee dharura tu.

Njia ya kila siku ni feni. Ile ndogo ya kompyuta ya volti 12, mbili kama tangi ni refu, zielekeze zipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari, na mfuniko uwe wa wavu ili mvuke utoke. Unapata nyuzi 2 au 3 chini ya joto la chumba. Siku za unyevu mkali kabla ya mvua utapata moja na nusu, ndiyo bahari hiyo. Maji yatapungua kwa haraka, na hapa watu wengi wanakosea: wanajazia kwa maji ya bomba. Kinachoondoka ni maji, chokaa inabaki. Miezi miwili ya kujazia kwa bomba, GH imetoka 8 imefika 14 bila wewe kujua. Jazia kwa mvua tupu. Maji ya mchanganyiko ni ya siku ya kubadilisha, robo ya tangi kila wiki.

Usiweke tangi kwenye ukuta wa magharibi. Ukuta ule unapigwa jua alasiri yote na unatema joto mpaka saa 4 usiku.

Taa saa 7 kwa siku zinatosha, na ziwe juu ya mimea inayoelea. Samaki hawa wakiwa na kivuli juu na mchanga mweusi chini rangi inakolea. Juu ya mchanga mweupe chini ya taa kali wanapauka. Majani makavu ya mkungu, yale ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, jani moja kwa lita 40 au 50, yanatia maji rangi ya chai na yanawatuliza. Yaokote mbali na barabara, yaoshe, badilisha yakianza kuchakaa. Wenzetu wa nchi nyingine wanayanunua kwa posta. Sisi tunayafagia. Majani ya mkorosho acheni, kwa sababu ya dawa zile zile.

#11 Solaboi – Ruangwa

Umeme ukikatika saa sita usiku mnafanyaje? Huku si jambo la kuuliza kama utakatika.

#12 FundiKioo – Mtwara

Ndiyo sababu ya kutumia chujio la sponji la hewa badala ya lile la mtungi. Pampu ya hewa ya volti 12 yenye wati 5, betri ya 12V 7Ah. Betri hiyo ina wati-saa 84, ya risasi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo una 42, gawanya kwa 5, saa 8. Ukiwa na paneli ya wati 20 mchana inarudi. Pampu ikae juu kuliko uso wa maji au uweke vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo siku umeme unakatika maji yanapanda kwenye mrija yanashuka sakafuni. Nyaya zote zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, tone lidondokee chini lisifuate waya.

Wenye chujio la mtungi: likikaa bila mzunguko zaidi ya saa mbili tatu kwenye joto hili, bakteria ndani wanakosa oksijeni wanakufa na maji yake yananuka. Umeme ukirudi likijiwasha lenyewe linamwaga uozo huo wote kwa samaki. Lichomoe, libebe nje, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Na siku hiyo usiwalishe.

Jambo jingine: pampu inavuta hewa ya chumbani. Ukipuliza dawa ya mbu au majirani wakipuliza mikorosho, zima pampu, funika tangi kwa shuka lenye maji, subiri hewa isafike.

#13 Mzigo_wa_Basi – Mtwara

Kuhusu kusafirisha kutoka Dar. Ni kilomita 560 hivi, kwa hiyo panga mfuko wa saa 12 hata kama basi linaahidi 9. Samaki wasilishwe saa 24 kabla. Mfuko mara mbili, theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni ya mtungi na si hewa ya mdomo, samaki 15 hadi 20 wa sentimita 2 kwa lita 2 za maji. Boksi la povu, kifuniko kikafungwe kwa gundi ya karatasi. Lisikae kwenye buti juu ya injini. Mwambie kondakta ni samaki hai, aliweke ndani chini ya kiti. Ukifika, weka mfuko juu ya maji ya tangi dakika 20, kisha fungua udondoshee maji ya tangi taratibu kwa mrija, saa moja na nusu, ndipo umwage.

#14 MwalimuWaKemia – Masasi

Mkuu, mpaka "dakika 20" tuko pamoja. Kudondoshea saa moja na nusu baada ya mfuko wa saa 12 napinga. Humo ndani samaki wamepumua wamejaza kaboni dioksidi, pH imeshuka hadi 6 na kitu, na amonia yote iliyokusanyika haina makali. Unapofungua, gesi inatoka, pH inapanda ndani ya dakika chache, na amonia ile ile inageuka sumu samaki wakiwa bado humo. Unawapika kwa upole. Lingana joto, fungua, wachote kwa wavu, waingie tangini, maji ya mfuko mwaga.

#15 Mzigo_wa_Basi – Mtwara

Na samaki aliyetoka TDS 100 akitupwa kwenye 600 ghafla? Amonia haikumwua, anakufa kesho kutwa. Hilo nalo ni la kweli.

#16 MwalimuWaKemia – Masasi

Ni la kweli, na dawa yake ni kuandaa mapokezi, siyo mfuko. Muulize muuzaji TDS yake kabla. Chukua ndoo au tangi dogo la karantini la lita 30, lenye sponji lililokomaa, lijaze mchanganyiko wa mvua na bomba unaokaribia namba yake. Waingie humo moja kwa moja. Kisha kila siku toa lita 2 uweke lita 2 za maji ya tangi kubwa, wiki mbili. Wakati huo huo unawachunguza magonjwa. Kupanda kutoka maji laini kwenda magumu kwa wiki mbili hakumsumbui mtu.

#17 Mzigo_wa_Basi – Mtwara

Hapo sawa, nakubali. Wengi hawana tangi la pili ndiyo shida.

#18 Juu_ya_Mlima – Newala

Basin la plastiki la kufulia linatosha mkuu. Jipya, lisiwe limewahi kuona sabuni.

#19 Bi_Ndoo – Nachingwea

Samaki wana weupe. Mmoja ana vidoa kama chumvi kwenye mapezi, mwingine ana kitu kama pamba mdomoni. Duka wameniambia nipandishe joto na nitie chumvi kwa wote.

#20 MkunguMkavu – Mikindani

Dada, hayo ni magonjwa mawili, na ushauri wa mmoja unaua mwingine.

Vidoa kama punje za chumvi ni kimelea kinachoitwa Ichthyophthirius. Kwenye nyuzi 30 hakizaliani, kwa hiyo huku kinatusumbua zaidi Juni hadi Agosti usiku unapopoa, au baada ya safari. Tibu kwa nyuzi 30 siku 10, hewa iongezwe, na chumvi gramu 1 kwa lita ikiwekwa kwa awamu tatu ndani ya siku moja na nusu. Tetra usiwapitishe gramu 2.

Pamba mdomoni au tandiko la kijivu mgongoni ni bakteria wa Flavobacterium columnare. Huyo anapenda joto. Ukimpandishia hadi 30 samaki anakufa ndani ya siku moja au mbili. Mtenge, shusha hadi 25 ukiweza, maji yabadilishwe kila siku, na kiuavijasumu kipangwe na daktari wa mifugo, usikisie.

La tatu, la neoni wenyewe: ubavu unapauka kipande kipande, mgongo unapinda, samaki anajitenga na kundi, wiki nzima au zaidi. Hicho ni Pleistophora hyphessobryconis, kimekaa kwenye misuli, na hakina dawa. Mtoe mapema, kwa sababu wenzake wakila mzoga wake wanaupata. Usimtupe chooni wala mtaroni, mfukie.

#21 Solaboi – Ruangwa

Kuhusu chakula, viluwiluwi vya mbu vinafaa?

#22 Juu_ya_Mlima – Newala

Ndiyo chakula bora kuliko vyote, na cha bure. Ndoo ya maji ya mvua yenye majani makavu mawili, iache wazi usiku mmoja mbu watage, asubuhi ifunike kwa chandarua kilichokazwa na mpira. Kuanzia siku ya tatu chota kila siku kwa chujio la chai, suuza, wape wanachomaliza kwa dakika mbili. Siku ya tano mwaga chote kilichobaki kwenye ardhi kavu. Kwenye joto hili kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10, ukisahau wiki umefuga malaria na dengi nyumbani kwako na kwa jirani. Usichote kwenye mitaro.

Siku nyingine chakula cha dukani cha vipande vyembamba kama maganda, kilichosagwa kwa vidole, kidogo mara mbili kwa siku, siku moja ya wiki bila chakula. Mdomo wa neoni ni kama kichwa cha pini. Punje kubwa zinaanguka, zinaoza, mnarudi kwenye amonia ya Mwalimu.

#23 Chumvi_Kidogo – Lindi mjini

Mimea je? Kuna yungiyungi na majani ya kamba kamba kwenye mabwawa ya huku njia ya Mingoyo.

#24 MkunguMkavu – Mikindani

Yanafaa, ila mabwawa yetu yana kichocho. Usiingie kwa miguu mitupu, vuta kwa fimbo yenye ndoano ukiwa ukingoni, vaa glavu. Nyumbani tenga kwenye ndoo, toa kila konokono na mayai yake, kisha chovya kwa dakika 2 kwenye maji yenye sehemu 1 ya dawa ya madoa ya klorini na 19 za maji, suuza, weka kwenye maji yenye thayosalfeti. Yale majani laini ya kamba (Ceratophyllum) huungua kwenye dawa hiyo. Hayo yaache ndoo ya peke yake wiki tatu, konokono ukiwatoa kila siku. Maji ya bwawani yenyewe yasiingie kwenye tangi.

Na upande wa pili: samaki wa kigeni usiyewataka usiwamwage kwenye mabwawa hayo. Mpe mtu.

#25 Bi_Ndoo – Nachingwea

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikiwasha taa saa 10 usiku kadinali wote wamepauka, mstari wa buluu umekuwa kijivu. Niwatenge?

#26 MwalimuWaKemia – Masasi

Usiwatenge dada, wamelala. Gizani wanazima rangi. Zima taa, na asubuhi fungua pazia kwanza, taa baada ya nusu saa, rangi itakuwa imerudi. Atakayebaki kijivu mpaka saa 3 asubuhi, huyo ndiye wa kumtazama.